Ruta ya Mezani: Itengenezwe au Ibadilishwe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya kuhusu ruta ya mezani (mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, iliyofungwa chini ya meza) hunijia karibu kila wiki kutoka kwa mafundi seremala wa Keko na wa mikoani, mara nyingi mashine ikiwa imeshafunguliwa na skrubu zimetapakaa sakafuni. Nimeyakusanya hapa ili ukisimama mbele ya meza yako uwe na pa kuanzia. Kabla hujagusa chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Plagi iwe mahali unapoiona kwa macho yako muda wote unaofanya kazi.

Kwa nini ruta ya mezani inachoka haraka kuliko ya mkononi?

Kwa sababu inafanya kazi ikiwa kichwa chini. Ruta imeundwa ishikwe mkononi: feni inavuta hewa kutoka juu ya mota, inaipitisha kwenye koili, kisha inaitoa chini upande wa kisu. Ukiigeuza na kuifunga chini ya meza, mdomo wa kuvutia hewa unatazama sakafu, na vumbi linalopita kwenye tundu la bamba linaloibeba ruta mezani linaangukia moja kwa moja beringi ya upande wa kisu. Ukiizungushia kabati ili meza ipendeze, ndiyo umeimaliza: inavuta tena hewa ile ile ya moto iliyoitoa, ikiwa imechanganyika na unga wa mbao. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ni mbaya zaidi, maana unga wake ni laini kama sembe.

Niliwahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe aliamini imeungua. Ilikuwa ikifanya kazi dakika tano, inanuka, inazima. Nilipofungua kifuniko cha juu nikakuta matundu ya hewa yamezibwa na tabaka la unga wa mninga lililoshikana kama matofali. Nililitoa kwa bisibisi likabanduka zima, na umbo la tundu limejichora juu yake. Mota ilikuwa salama kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta vipuri, safisha kwanza.

Imezima ghafla, haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia mbali, uje karibu. Fyuzi iliyo ndani ya plagi (zetu hizi za pini tatu za mraba hubeba fyuzi ya ampea 13). Kisha soketi, kwa kuchomeka kitu kingine. Kisha waya, hasa pale unapoingia kwenye mashine, maana mezani waya hujikunja siku nzima mahali pamoja hadi shaba inakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Kisha kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kisha swichi. Amecha (koili inayozunguka na shafti) na fildi (koili iliyotulia kuizunguka) ni vya mwisho kabisa kushukiwa, ingawa ndivyo fundi asiye na subira hutaja kwanza.

Kwa ruta yenye kidhibiti mwendo, usipime kutoka kwenye pini za plagi ukaamini unachokiona. Kile kisahani cha elektroniki kinaweza kukupa jibu la uongo kwenye mita. Toa kaboni, upime amecha peke yake na fildi peke yake.

Cheche zinatoka ndani. Nibadilishe kaboni?

Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni za kawaida kwa mota ya aina hii. Kinachotisha ni cheche zinazoizunguka pete ya shaba inayoguswa na kaboni kama mkufu wa moto, au zenye rangi ya machungwa na zinazoambatana na harufu.

Toa kaboni zote mbili uzitazame. Nyingi zina alama ya kikomo; kama huioni, ikibaki milimita 5 au 6 ibadilishe. Badilisha mbili kwa pamoja, hata kama moja bado ndefu. Usinunue kwa kukadiria kwa macho: chukua ile ya zamani uende nayo dukani, ulinganishe upana, unene, urefu wa spring na kichwa chake. Kaboni iliyo pana kidogo huchongwa kwa msasa ikaingia, lakini ikibana kwenye nyumba yake haitashuka inapolika, na hapo ndipo cheche huzidi. Iliyo nyembamba hucheza na kuikwaruza pete.

Pete yenyewe itazame kwa tochi huku ukizungusha shafti kwa mkono. Rangi ya kahawia inayong'aa ni nzuri. Kipande kimoja kilichoungua kikawa cheusi kuliko jirani zake ni dalili ya koili iliyokatika au iliyogusana ndani ya amecha, na kaboni mpya hazitaponya hilo. Zitalika ndani ya siku chache tu.

Inapiga kelele kali kama filimbi. Nijuaje kama ni beringi?

Toa kaboni kwanza. Fundi wengi huruka hatua hii, kumbe kaboni zikiwa ndani zinaishika shafti na kukuficha ugonjwa. Zikiwa nje, zungusha shafti taratibu kwa vidole viwili. Beringi nzima inateleza kimya. Iliyokufa utaisikia kwenye ncha za vidole, kama kuna mchanga ndani, hata kabla sikio halijapata kitu. Kisha shika koleti, ule mdomo unaobana kisu, uitikise upande kwa upande. Ikicheza hata kidogo tu, usiwashe tena mashine hiyo.

Mbao pia husema. Kisu ni kikali lakini kingo inatoka na mawimbi madogo yaliyofuatana: mara nyingi ni beringi ya upande wa kisu.

Beringi naweza kubadilisha mwenyewe?

Ndiyo, na ni kazi inayolipa kuliko zote kwenye ruta. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi. Kwa mfano 608 ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7. 6001 ni 12 kwa 28 kwa 8. 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. Lakini namba peke yake haitoshi, soma na herufi zinazofuata. Zinaeleza kifuniko: cha bati, cha mpira unaosugua pete ya ndani, au cha mpira usiosugua. Ruta inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na mpira unaosugua hupata moto kwa kasi hiyo. Kifuniko cha bati nacho kinapitisha unga. Rudisha aina ile ile iliyotoka kiwandani. Ukienda dukani ukasema tu "nipe 6203", utapewa ya mashine ya maji au ya pikipiki, na itaingia vizuri kabisa, kisha itakufa mapema.

Kutoa, tumia pula (kifaa cha kuvutia beringi), usitumie nyundo na patasi. Ikiwa beringi imeganda kwenye nyumba ya aluminiamu, pasha ile nyumba kwa hewa ya moto kidogo, itaachia. Kuingiza kwenye shafti, tafuta kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya ndani tu, ugonge hapo au ubane kwenye jiriwa. Ukigonga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vidimbwi njiani mwake, na umenunua beringi mpya ukaiua siku hiyo hiyo. Badilisha ya juu na ya chini kwa pamoja maadamu umeshafungua.

Amecha imeungua. Niisuke (izungushiwe waya upya) au ninunue mpya?

Hapa nitasema ninachoamini, na najua mafundi wa kusuka mota hawatafurahi wote. Wako hodari sana. Amecha ya grenda au ya drili nawapelekea bila wasiwasi. Ya ruta inahitaji kitu cha ziada: kusawazishwa uzito. Waya ukizidi kidogo upande mmoja, au vanishi ikikusanyika mahali, kwa mizunguko 22,000 uzito huo mdogo unaitikisa mashine nzima.

Yangu niliisukisha mara moja. Ilirudi inawaka, kaboni hazitoi cheche, nikafurahi. Nikapitisha ubao wa mkongo kwenye kisu cha kuviringisha kingo, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mistari midogo midogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Msasa ulikula muda wote niliodhani nimeokoa. Baada ya miezi miwili beringi mpya zikaanza kulia.

Kwa hiyo nenda hivi. Kama amecha ya kiwandani inapatikana, nunua hiyo. Kama haipatikani na fundi wa kukusukia ana mashine ya kusawazisha, sawa. Kama hana, pesa hiyo iweke kwenye ruta nyingine.

Kabla ya kuihukumu, ipime. Weka mita kwenye vipande viwili vya pete vilivyo jirani, kisha jirani wanaofuata, hadi uzunguke pete yote. Namba zinatakiwa zikaribiane. Kisha pima kati ya kila kipande na shafti: hapo pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, umeme umeingia kwenye chuma na mashine inaweza kukupiga.

Kisu kinapanda chenyewe ninapofanya kazi. Nimekaza mpaka spana imeumiza mkono.

Ndugu yangu, simamisha kazi. Tatizo hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni kuchanganya vipimo. Visu vinavyouzwa Kariakoo vinatoka kila pembe ya dunia, na shina la milimita 12 na la nusu inchi yanafanana sana machoni. Nusu inchi ni milimita 12.7. Shina la 12 likiingia kwenye koleti ya nusu inchi utakaza, litaonekana limeshika, kisha litateleza likipata mzigo. Ni hivyo hivyo kwa milimita 6 na robo inchi, ambayo ni 6.35. Nunua kalipa, hata ya plastiki, upime kila kisu kabla hakijaingia kwenye droo. Mimi nimepaka rangi nyekundu mashina yote ya inchi.

Sababu ya pili ni koleti iliyochoka. Itoe, isugue ndani kwa brashi ya shaba, ifute utomvu kwa thina, uitazame. Ukiona alama za kahawia, mikwaruzo ya mviringo au mdomo uliopanuka, tupa. Ni kipuri kinacholika kama kaboni, hakuna haja ya kukionea huruma. Usiipake grisi.

Sababu ya tatu ni kusukuma kisu hadi kigonge chini. Kiingize hadi mwisho, kisha kivute nje milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Koleti inapokazwa hushuka kidogo na kisu pamoja nayo. Kikiwa kimegota chini, hakiwezi kushuka na koleti haishiki sawasawa. Na usikaze koleti tupu isiyo na kisu, inajifinya.

Swichi imejaa vumbi. Naweza kuiunga moja kwa moja nikawa nawashia ukutani?

Usifanye hivyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utainama kusafisha kisu kwa mkono, na ukirudi mashine inaanza yenyewe. Funga swichi ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, mguuni mwa meza mahali goti linapofika. Umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haiwashi mpaka ubonyeze tena. Hili lipo juu ya orodha yangu hata kabla ya mashine mpya. Waliofunga kitufe cha ruta kwa kamba ya plastiki ili kibaki kimewaka, nao wanaihitaji zaidi ya wote.

Ndugu yangu aliye Marekani anataka kunitumia ruta. Itafaa?

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu Tanzania ni 230. Mota inayopata karibu mara mbili ya volti zake inakula karibu mara nne ya nguvu zake, na itaungua kabla hujapata muda wa kuifikia swichi. Hezi 60 na 50 zisikutishe, mota za kaboni hazijali sana. Volti ndizo zinazoua. Ukishaletewa, nunua transfoma ya kushusha umeme, na isiwe ndogo: ruta ya ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800, kwa hiyo transfoma ya 3,000 ndiyo itakayopumua. Ni nzito, ni ghali, na koleti ya ruta hiyo itakuwa ya inchi. Mwambie akutumie visu badala ya mashine. Visu vizuri ni vyepesi kwenye begi.

Nimekubali kununua mpya. Ipi inafaa kukaa chini ya meza?

Inategemea kazi. Kama unatengeneza milango ya paneli, unahitaji mambo matatu: kidhibiti mwendo, koleti ya milimita 12 au nusu inchi, na nguvu ya wati 1,600 kwenda juu. Kidhibiti mwendo si urembo. Kisu cha paneli chenye kipenyo cha milimita 85 kikizunguka 22,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 98 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Kisu cha namna hiyo kinatakiwa mizunguko 10,000 hivi. Ndiyo maana Makita 3612 ya mwendo mmoja, mashine imara ambayo ipo kwenye karakana nyingi, siishauri kwa paneli kubwa. 3612C ina kidhibiti. Makita RP2301FC ina wati 2,100 na inashuka hadi 9,000. Bosch GOF 1600 CE ina wati 1,600 na inashuka hadi 10,000. Triton TRA001 ya wati 2,400 iliundwa kwa kuifikiria meza: unaipandisha kwa mpini kutoka juu, na koleti inatokeza juu ya bamba ukabadilisha kisu bila kupiga magoti.

Lakini usilipe kabla ya kuuliza mtaani kwako ni ruta ya kampuni gani ambayo kaboni, swichi na koleti zake zinapatikana. Mashine bora isiyo na kipuri utaipanga kwenye rafu kama sahani za wageni.

Je, trima, ile ruta ndogo ya mkono mmoja, inaweza kukaa mezani?

Kwa kuviringisha kingo na mifereji midogo, ndiyo. Makita 3709 ina wati 530, koleti ya milimita 6 na mizunguko 30,000 isiyopungua. Usiifungie kamwe kisu kikubwa.

Ruta mpya mashimo yake hayalingani na bamba la meza. Nifanyeje?

Usitoboe bamba kwa macho. Fungua kile kisahani cheusi cha plastiki kilicho chini ya ruta. Hicho ndicho kipimo chako. Kilaze juu ya bamba, na kati yake weka tepu ya pande mbili. Kukiweka katikati hasa, tafuta kijiti cha mbao kilichochongwa kiingie kwenye tundu la bamba bila kucheza, utoboe kati yake, upitishe msumari unaofika katikati ya kisahani. Kama kisahani hakina alama ya katikati, chora mistari miwili inayokatana kutoka shimo la skrubu hadi shimo linalolikabili.

Weka alama, toboa kwa keekee ndogo kwanza, kisha kubwa. Upande wa juu chimba kitako ili vichwa vya skrubu vizame. Kichwa kikitokeza hata unene wa karatasi, ubao utakwama hapo. Skrubu za zamani zitakuwa fupi, kwa kuwa bamba ni nene kuliko kisahani, mara nyingi milimita 6 hadi 10. Nenda na moja dukani upate za uzi ule ule zilizorefuka kwa tofauti hiyo. Bamba lako likiwa na mashimo mengi ya mashine zilizopita, kata jipya. Aluminiamu ni bora. Plaiwudi itapinda kwa uzito wa ruta inayoning'inia, na paneli zako zitatoka nene katikati.

Kuipandisha ni kazi nzito mno. Ni kawaida?

Kwa ruta ya kushuka na kupanda, ndiyo. Ikiwa kichwa chini, uzito wake unaivuta kwenda sakafuni na spring nazo zinaisukuma huko huko. Triton imewekewa njia ya kutoa spring kwa ajili ya meza. Kwa nyingine nyingi spring zipo ndani ya nguzo na unaweza kuzitoa, lakini zimebanwa: vaa miwani, fungua polepole huku umekandamiza, usiweke uso juu yake. Zihifadhi kwenye mfuko wenye jina la mashine. Ukishazitoa, kaza kifungio cha kimo kila mara kabla ya kuwasha, maana hakuna kingine kinachoishikilia.

Nisafishe kila baada ya muda gani?

Ukikata MDF, kila jioni. Mbao ngumu, kila wiki. Ishushe kutoka kwenye meza, ipulize kwa blowa kuanzia upande wa kisu kwenda juu, nje ya karakana, ukiwa umevaa barakoa ya kweli. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi: shirika la utafiti wa saratani la kimataifa, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kompresa ya nguvu usiielekeze kwenye beringi. Hewa hiyo inasukuma unga kupita kifuniko hadi kwenye grisi. Na lile kabati linaloizunguka ruta, litoboe nyuma ipate hewa.

Nimemaliza kuifunga. Niiwasheje mara ya kwanza?

Bila kisu na bila nati ya koleti. Zungusha shafti kwa mkono mizunguko michache usikie kama kuna kinachogusa. Chomeka plagi, simama pembeni, washa kwenye mwendo wa chini kabisa, uiache dakika kumi ili kaboni mpya zichukue umbo la pete. Pandisha mwendo hatua kwa hatua. Zima, chomoa, gusa nyumba ya beringi kwa nyuma ya mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya utoe mkono haraka, beringi imebanwa, ifungue tena. Ndipo ufunge kisu kidogo, upitishe kipande cha mbao laini kutoka kulia kwenda kushoto, ukipeleke dirishani ukaitazame kingo.